Mlango wa Mafia, majira ya masika

Kilindoni, Jumanne, 9 Aprili 2024
Bamvua. Rufiji imefurika, na tangu Nyamisati maji ya udongo yametusindikiza mwendo mrefu. Yanakoishia na bahari inakoanzia sikupaona. Rangi ilififia kidogo kidogo tu. Kesho Idi.

Jumatano, 17 Aprili
Maji mafu, na leo mpaka uko wazi kabisa. Huku rangi ya chai ya maziwa, kule kijani, katikati mstari wa povu, majani ya mikoko, vijiti na chupa za plastiki. Membe wanazunguka juu yake. Nahodha akapunguza mashine: “Mwalimu, vibua huja hapa.”

Maji ya mto ni mepesi, hutandaa juu ya maji ya chumvi. Kwenye mpaka, maji ya pande mbili husogeleana na kuzama. Kinachoelea hakizami nayo, hurundikana palepale. Uchafu ule, basi, unatuonyesha yanapozamia.

Alhamisi, 18 Aprili, usiku
Nimesoma makala ya Simpson na Hunter, 1974, kuhusu mipaka ya maji katika Bahari ya Ireland. Chukua kina, ukigawe kwa kasi ya mkondo iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kasi ikiwa maradufu, nguvu ya kukoroga ni mara nane! Penye kina kifupi na mkondo mkali, maji huchanganyika hadi sakafuni. Penye kina na utulivu, joto la jua hukaa juu. Mpaka husimama kati ya hali hizo mbili.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kwao mpaka hausogei sana kati ya bamvua na maji mafu, kilomita chache tu. Tabaka likishajengeka, kulivunja kunadai nguvu nyingi. Lakini kwao hulijenga jua la kiangazi, polepole. Hapa hulijenga mto, ambao mvua za bara zinaweza kuuvimbisha kwa siku chache. Kanuni yao siichukui nzima nzima.

Alhamisi, 25 Aprili
Bamvua tena. Povu limekatikakatika, rangi zimeingiliana. Nahodha hakushangaa: “Maji makubwa hayaachi mstari.”

Jumatatu, 6 Mei
Kimbunga Hidaya kilitupiga Jumamosi. Mlango wote unaoonekana kutoka gatini ni kahawia hafifu. Upepo umekoroga bila kungoja mwezi. Nimeomba nafasi botini tarehe 16, maji mafu, nichote maji ya juu na ya chini pande zote mbili za mstari, kama utakuwa umerudi.