Filamu Iliyongojwa Miaka Ishirini na Sita

Kijana msomaji, utazamapo filamu iliyokamilika huona uzuri wake, lakini huoni jasho lake. Kwa saa mbili au tatu huimaliza kazi ambayo watu wengi waliihangaikia miaka mingi. Nataka kukueleza habari za filamu moja ambayo bila shaka umeisikia, Black Panther, yaani Chui Mweusi. Sifa zake zimekwisha kuimbwa na wengi. Mimi nitakuonyesha njia iliyopita kabla ya kufika machoni pako.

Shujaa wa filamu hiyo alizaliwa katika karatasi. Mwaka wa 1966 Stan Lee na Jack Kirby, wazaliwa wa New York, walimtia katika toleo la 52 la kitabu cha katuni kiitwacho Fantastic Four. Alikuwa T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika isiyopatikana katika ramani yoyote. Miezi michache baadaye, mnamo Oktoba mwaka huo huo, chama cha siasa cha watu Weusi chenye jina kama hilo kiliundwa mjini Oakland, California. Majina mawili yakakutana njiani, na mkutano huo ukaja kuwa mwiba.

Mwaka wa 1992 mwigizaji Wesley Snipes alitangaza nia ya kumleta T'Challa katika sinema. Aliona kwamba Hollywood imeidhalilisha Afrika, naye alitaka kuionyesha katika fahari yake. Lakini kila alipobisha hodi alilazimika kueleza kwamba hazungumzii chama cha siasa. Miswada ilijaribiwa, mashauri yakafanywa, hayakupata mwafaka. Tena ufundi wa kutengeneza picha za maajabu ulikuwa bado mchanga. Mwaka wa 1996 kampuni ya Marvel, mwenye shujaa huyo, ilifilisika ikaomba kinga ya mahakama. Snipes akamgeukia shujaa mwingine wa katuni, Blade, na filamu yake ilipotoka mwaka wa 1998 ilistawi. Hakuivaa kofia ya mfalme, lakini alisaidia kuwafumbua macho wenye fedha.

Mpango wa T'Challa ulilala, ukaamka, ukalala tena. Mwaka wa 2011 aliajiriwa mwandishi wa kuandika mswada mpya. Mwaka wa 2014 Marvel ilitangaza kwamba filamu itatengenezwa, na Chadwick Boseman ndiye atakayekuwa mfalme. Mwelekezi Ava DuVernay alizungumza nao mwaka wa 2015, wasipatane. Hatimaye, mwaka wa 2016, kazi ilimwangukia Ryan Coogler, mzaliwa wa Oakland. Tafakari, msomaji: Snipes alipotangaza nia yake, Coogler alikuwa mtoto wa miaka sita. Yule aliyekusudiwa kuitimiza kazi alikuwa bado anajifunza kusoma.

Coogler na Joe Robert Cole waliandika mswada. Upigaji picha ukaanza Januari 2017 huko Atlanta. Wakanda ni nchi ya kubuniwa, lakini walichota maji yake katika visima vya kweli. Watu wake walipewa lugha ya Kixhosa ya Afrika Kusini. Mablanketi ya walinzi wa mpakani yalifuata mtindo wa Basotho, na kofia ya malkia ilifuata ile ya wanawake wa Kizulu. Filamu ilitoka Februari 2018. Iligharimu kiasi cha dola milioni 200, ikaingiza zaidi ya bilioni 1.3, na mwaka wa 2019 ikapata tuzo tatu za Oscar. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alikuwa miongoni mwa waigizaji wake wakuu, na mji wa Kisumu ukaandaa onyesho la uzinduzi.

Niliitazama mwaka huo, miaka michache baada ya kuhitimu chuo cha ualimu. Nilifurahi kama walivyofurahi wengine. Na furaha ilipopoa, swali lilibaki. Je, fahari ya Afrika ni lazima ibuniwe ng'ambo ndipo tuiamini? Kila muhula nasahihisha insha ambazo mashujaa wake wanaishi New York, wanatembea katika theluji ambayo mwandishi hajapata kuiona. Nikiuliza sababu, huambiwa, "Mwalimu, kwetu hakuna kisa." Neno hilo hunichoma. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Wakanda ni nyota nzuri, lakini ni ya mwenzio. Itazame, ufurahi, ujifunze jinsi inavyong'aa. Kisha uinue macho uitafute yako.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alinionyesha daftari la michoro. Shujaa wake alikuwa mchota maji mwenye uwezo wa kusikia mito ipitayo chini ya ardhi, na kijiji chake kilikuwa kikavu kama kijiji chao. Alisema ataacha kuchora, kwa kuwa kazi haitakwisha. Nilimsimulia habari hizi nilizokusimulia wewe, nikamwomba achore ukurasa mmoja kila juma. Hajamaliza. Lakini hajaacha.

Usidhani kwamba nakusifia kungoja. Boseman aligunduliwa kuwa na saratani mwaka wa 2016, akafanya kazi akiwa mgonjwa, akafariki Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 43. Lau filamu ile ingaliahirishwa miaka michache zaidi, tusingalimwona mfalme yule. Subira ya kweli ni ya mtu aliye kazini. Subira ya mtu aliyeketi ni uvivu uliovaa kanzu. Snipes hakufika, lakini alitembea; Coogler alifika kwa kuwa njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa.

Basi, kijana, ikiwa unacho kisa cha kwenu, kiandike leo, hata kama ni mstari mmoja. Yamkini utakimaliza wewe. Yamkini atakimaliza mtoto ambaye sasa hivi ana miaka sita, anajifunza kusoma. Lakini hawezi kukimaliza ikiwa hukukianza.