Donald Sutherland: kijana wa redio aliyetafuta kazi Uingereza

Vijana wengi hapa kwetu wanamjua Jack Bauer wa 24 Heures chrono. Wamemtazama kwenye vibanda vya video, wakabishana juu yake hadi usiku. Mchezaji yule anaitwa Kiefer Sutherland, naye alizaliwa London mwezi Desemba 1966. Kwa nini London, na wazazi wake wote wawili ni Wakanada? Jibu liko katika safari ya baba yake, Donald Sutherland, na safari hiyo ilianzia kwenye redio.

Donald alizaliwa tarehe 17 Julai 1935 katika mji wa Saint John, mashariki mwa Kanada, akakulia Bridgewater, mji mdogo wa jimbo la Nova Scotia. Utotoni aliugua sana: homa ya baridi yabisi, ugonjwa wa ini, na polio, ule ugonjwa ambao akina mama wa hapa wanapanga mstari kwa ajili ya matone yake ya chanjo. Alikua mrefu kupita wenzake, masikio makubwa, na alijiona si mzuri. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alimuuliza mama yake kama ana sura nzuri. Mama hakumdanganya. Alimwambia hapana, ila uso wake una upekee mwingi.

Kwenye redio hakuna anayeona masikio ya mtangazaji. Akiwa na miaka 14, Donald alipata kazi ya habari kwenye redio ya mji wao, CKBW. Ilikuwa kazi ya saa chache, lakini kazi hiyo inafunza mtu kupumua mahali panapofaa, kumaliza sentensi bila kumeza maneno, na kusema na mtu asiyemwona. Anayedhani ni jambo dogo asimame mara moja mbele ya mikro.

Chuo kikuu, huko Toronto, alisoma mambo mawili pamoja: uinjinia na teatri. Wazazi wengi wangeshika cheti cha uinjinia na kufunga mazungumzo hapo. Yeye aliacha uinjinia, na mwaka 1957 akavuka bahari kwenda Uingereza. Tusimlaumu upesi kwamba alidharau kwao. Shule ya taifa ya teatri ya Kanada ilifunguliwa Montreal mwaka 1960, miaka 3 baada ya yeye kuondoka. Aliyetaka kujifunza kazi hiyo kwa undani alitazama London au New York.

London aliingia shule ya maigizo inayoitwa LAMDA. Baadaye akaenda Scotland, akafanya kazi mwaka mmoja na nusu katika teatri ya mji wa Perth. Teatri za namna hiyo zilikuwa na kundi moja la wachezaji linalobadilisha mchezo kila baada ya muda mfupi. Jioni unacheza mchezo huu mbele ya watu, kesho asubuhi unajifunza maneno ya mchezo unaofuata. Leo wewe ni mzee, wiki ijayo ni askari.

Aliporudi London hakupokewa kwa matarumbeta. Alipata nafasi ndogo ndogo: mpokeaji wa wageni hotelini katika mchezo wa televisheni, mtu wa kupita tu. Mwaka 1964 BBC ilionyesha Hamlet ya Shakespeare iliyopigwa picha katika ngome ya Elsinore yenyewe, kule Denmark. Aliyecheza Hamlet alikuwa Christopher Plummer, Mkanada mwingine. Sutherland alikuwa Fortinbras, yule mwana wa mfalme anayeingia mwishoni na kukuta wote wamekwisha kufa.

Halafu zikaja sinema za kutisha. Katika moja iliyotengenezwa Italia alicheza askari, na katika sinema hiyohiyo akavaa nguo za bibi kizee mchawi. Pesa ya nyumba haichagui! Mmoja wa waliotengeneza sinema ile aliitwa Warren Kiefer, na ndipo lilipotoka jina la mtoto. Mwaka 1965, katika Dr. Terror's House of Horrors, alikuwa daktari Mwamerika. Sauti ya Mkanada iliwafaa Waingereza kila walipohitaji Mwamerika, hivyo mtu akapata mkate kwa kuitwa raia wa nchi isiyo yake.

Mlango ulifunguliwa na mwenzake wa kazi. Sutherland alicheza katika kipindi cha The Saint, na Roger Moore, nyota wa kipindi hicho, ndiye aliyekiongoza siku hiyo. Sutherland alimwomba ruhusa ya kuwaonyesha watayarishaji fulani kipande kile kabla hakijamalizika. Moore akakubali, na hivyo kijana akapata The Dirty Dozen, sinema ya Waamerika iliyopigwa Uingereza na kutoka mwaka 1967. Hata humo maneno yake yalikuwa machache. Lakini mchezaji mwingine alikataa kujifanya jenerali, na kiongozi wa sinema akamnyoshea kidole yule mwenye masikio makubwa achukue nafasi. Dakika zile chache za kukagua askari kwa dharau ndizo zilizompeleka Hollywood, na mwaka 1970 akatoka na M*A*S*H.

Mengine yanajulikana. Uingereza hakuiacha kabisa; mwaka 2005 alirudi kucheza baba wa mabinti watano katika Pride & Prejudice.

Kuna jambo moja lililomuuma hadi uzeeni. Sheria ya Kanada ilimnyima kura raia aliyeishi nje zaidi ya miaka 5. Mwaka 2015 aliandika gazetini kwao kwa hasira: pasipoti yake ilikuwa ya Kanada tu, hakuwahi kuomba uraia mwingine, na bado alihesabiwa kama mtu aliyehama moja kwa moja. Mtu aliyeacha kijiji chake, akaambiwa jina lake halimo tena kwenye orodha, anaijua hasira hiyo. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Kanada ilitamka kwamba kizuizi hicho kilivunja katiba. Sutherland alikuwa na miaka 83. Mwezi Oktoba mwaka huo Kanada ilifanya uchaguzi, na Wakanada walioishi mbali kwa miaka mingi walikuwa tena na haki ya kupiga kura.