Saa Inayosema Kiswahili

Leo sina siasa wala bei ya mafuta. Nina habari ya saa. Vumilieni kidogo, wadau.

Bibi yangu anaishi Himo, karibu na njia panda ya kwenda Marangu na Holili. Ana presha ya macho. Ugonjwa huu unaua mshipa wa jicho polepole, na uoni uliokwishapotea haurudi. Dawa yake ni tone moja kila baada ya saa kumi na mbili. Duka moja la dawa lilimbandikia karatasi kwenye chupa: 8:00 na 20:00.

Mwezi uliofuata nikamuuliza anaweka saa ngapi. "Saa nane, kama walivyoandika." Saa nane mchana! Na hiyo ishirini je? "Ishirini ni saa ngapi, baba? Saa zinaishia kumi na mbili." Kwa hiyo tone la pili aliliweka akienda kulala, kwenye saa mbili, saa tatu usiku. Saa sita katikati, halafu jicho linakaa saa kumi na nane bila dawa.

Na usidhani bibi hajasoma. Ni zao la kisomo, zile kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970. Biblia anaisoma, herufi zikiwa kubwa. Saa ya ukutani pia alikuwa anaisoma vizuri, kwa ile njia yetu ya kuangalia namba ya upande wa pili: mshale ukiwa kwenye 2 ni saa nane. Siku hizi mishale haioni. Simu inamwonyesha tarakimu, na tarakimu zinahesabu saa za watu wengine.

Ndiyo nikaanza kutengeneza saa inayoandika muda kwa maneno. Wajerumani Biegert na Funk waliuza moja maarufu, QLOCKTWO, tangu 2009. Yangu ni boksi la mbao, karatasi nyeusi iliyotobolewa herufi, na taa ndogo ya LED nyuma ya kila herufi. Ubongo wake ni Arduino, kibao cha maikrokontrola kilichozaliwa Italia mwaka 2005. Pembeni kuna chipu ya DS3231 yenye betri ya duara kama sarafu. Umeme ukikatika taa zinazimika, lakini chipu inaendelea kuhesabu.

Hesabu ni rahisi ajabu. Chukua saa ya simu, jumlisha sita, gawanya kwa kumi na mbili, tumia baki. Baki likiwa sifuri, ni saa kumi na mbili. Ikipita nusu, ongeza saa moja na uwashe KASORO. Nilichokipenda zaidi ni neno KASOROBO: liandike mara moja tu, kwenye dakika tano, kumi au ishirini kasoro unawasha herufi sita za mwanzo, kwenye robo unamalizia na BO. Kiingereza hakina bahati hiyo.

Kazi ilikuwa kwenye majina ya vipindi. Saa moja ya magharibi ni jioni au usiku? Nikauliza chumba cha habari, watu karibu wagombane. Mhariri anasema jioni, dawati la michezo linasema usiku. Nikampigia bibi. "Kuku wameshalala, ni usiku." Programu ikaandikwa hivyo. Alfajiri ilitusumbua pia, maana majira yetu yanafuata longitudo ya nyuzi 45 na Himo iko magharibi zaidi, kama 37 na nusu. Jua letu huchelewa karibu nusu saa. Saa kumi na mbili kamili, mwaka mzima, bado halijachomoza. Bibi akaamua tena: saa kumi na mbili ni asubuhi, jua litajijua lenyewe.

Jumamosi nikapanda basi na boksi mapajani. Abiria wa pembeni aliuliza mara tatu kama si bomu. Tukalitundika sebuleni, mkabala na kiti chake. Akasogea, akarudi nyuma hatua nne, akasoma kwa sauti: SAA KUMI NA MBILI NA NUSU JIONI. Akakaa kimya. Kisha akalalamika kwamba mwanga ni mkali, nikaupunguza kwa saa za usiku.

Saa inaruka kwa dakika tano tano, nayo inamtosha. Chupa niliiandikia upya kwa kalamu nene: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Wiki tatu sasa namtega kwa simu, na kila mara tayari ameshaweka.

Seremala wa Himo aliyenipasulia mbao naye anataka yake, ya kibandani. Ila anataka iongezwe neno moja, TUMEFUNGA, liwake saa sita mchana akienda kula.