Mwanafunzi Anayecheza: Je, Apewe Feza?

Katika nchi ya Marekani universite ni mahali pa masomo, lakini pia ni mahali pa michezo mikubwa. Watu maelfu wanalipa mlangoni, na televizioni inalipa kuwapita. Mwaka 2010 chama kinachoongoza michezo hiyo, ndicho NCAA, kilipatana na televizioni juu ya mashindano ya basketi: dola milioni 10,800 kwa miaka 14. Katika majimbo mengi, mtumishi wa serikali anayepokea mshahara kuliko wote si gavana, ni mwalimu wa mchezo. Lakini wachezaji wenyewe walipewa masomo, chakula na mahali pa kulala tu.

Wakubwa walisema: Hawa ni wanafunzi, si wafanyakazi. Neno hilo tulipime. Mwaka 1955, katika jimbo la Colorado, kijana mmoja aliumia kichwa akichezea shule yake, akafa. Mjane wake akaomba malipo anayopewa mjane wa mfanyakazi. Mwaka 1957 tribinali kuu ya jimbo ikamkatalia, ikisema kwamba mchezo si kazi ya shule. Kumbe, punda afe, mzigo ufike!

Wengine wanajibu: Masomo yenyewe ni mshahara. Nao wana haki kidogo. Sisi Wakongo twamkumbuka Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 1987 aliingia Georgetown, universite ya Wayezuiti, akitaka kuwa munganga. Akawa mchezaji wa basketi, lakini alitoka na diploma yake. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Alikufa mwaka 2024, hospitali ingalipo.

Basi, masomo ni mali kweli. Lakini kijana anayesafiri na kujizoeza kila siku, atafungua kitabu saa ngapi? Ukimlipa mtu kwa masomo, kisha ukamnyima saa za kusoma, umemlipa nini?

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwezi wa Juni 2021 waamuzi wote 9 wa tribinali kuu ya Marekani walikishinda chama kile katika neno la msaada wa masomo. Toka Julai mwaka ule mchezaji anaweza kupata feza kwa jina na sura yake. Na toka Julai 2025 universite yaweza kuwagawia wachezaji wake mpaka dola milioni 20 na nusu kwa mwaka wa kwanza.

Sisi twaona ni haki: anayetoa jasho ale matunda yake. Lakini feza isiwe ya wenye jina tu. Aliyevunjika mguu atunzwe, wasichana wasisahauliwe, na saa za masomo zilindwe. Nguvu za mwili hupita upesi. Siku zitakapopita, kijana abaki na kitu mkononi na kitu kichwani.