Bibi wa Kibaigwa, LUKU na ile 1,500

Kuna msela mmoja wa bodaboda Dodoma mjini, kila mwezi anamnunulia bibi yake umeme wa 5,000 kwa simu. Bibi anakaa Kibaigwa, Kongwa, pale penye soko la mahindi. Tokeni zinatumwa, jirani anamwingizia. Kuna mwezi dogo alikwama, hakununua. Mwezi uliofuata simu ikaita: "Mume wangu, mbona uniti zimekuwa kiduchu? Umeoa mke mwingine?"

Ndo dogo akaisoma ile meseji kwa mara ya kwanza (nani huwa anaisoma?). VAT, EWURA, REA, halafu kodi ya jengo 3,000. Kodi hii iliingia kwenye LUKU 2021, nyumba ya kawaida 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda hadi 1,500. Usiponunua umeme haipotei, inakusubiri.

Kuulizia ulizia, akakuta kumbe sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi. Bibi kavuka 70! Ila mita haijui umri wa mtu. Lazima aombe, ahakikiwe.

Kinachochekesha kwa uchungu, lile tembe lake la zamani lisingelipiwa hata mia, maana nyumba za udongo na za nyasi hazimo kwenye kodi hii. Watoto wakajichanga, wakamjengea ya tofali na bati, na deni likaja na bati.

Dogo akaenda kumchukua. Bibi akasikiliza vizuri tu mpaka walipofika kwenye "asiye na kipato". Akagoma.

"Nani hana kipato? Karanga zangu mnadani anauza nani?"

Karanga zenyewe, jamani, na mvua za Kongwa zinavyojulikana, kuna mwaka debe halijai. Lakini huyu ni mjane aliyelea watoto sita kwa jembe. Leo aende mbele ya kijana mwenye kompyuta akajiandikishe kwamba hana kitu? Huo siyo ukaidi. Sheria ingeishia kwenye miaka 60 na nyumba anayoishi, angekuwa ameshapanda gari asubuhi.

Siku hizi dogo ananunua umeme wa 6,500, kimyakimya. Bibi anawaambia majirani bei ya umeme imeshuka.