Lenzi ya Zamani na Sura ya Katekista

Januari mwaka jana nilipokea ujumbe kutoka parokia ya nyumbani. Katekista wa kigango chetu alikuwa amefariki usiku, mazishi yangefanyika kesho kutwa, na familia iliomba picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Aliyeandika aliongeza: “Wewe Frateri ndiye mwenye picha zote.”

Ni kweli nilikuwa nazo. Kwa miaka mitatu, kila likizo, nimekuwa mpigapicha wa parokia: Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, sikukuu za somo wa kigango, sadaka ya mavuno. Picha zaidi ya elfu mbili. Nilifungua kompyuta nikaanza kutafuta, nikidhani ni kazi ya dakika tano.

Mzee alikuwemo karibu katika kila folda. Hapa ameshika kitabu nyuma ya Askofu. Pale amesimama mlangoni akiwapanga watoto mstari. Lakini kila nilipoikuza picha, uso wake ulikuwa na ukungu. Aliyeonekana wazi alikuwa Askofu, au mtoto wa mbele, au maua ya altareni. Siwezi kuilaumu kamera. Mimi ndiye niliyeiachia itafute yenyewe mahali pa kukaza fokasi, nayo mara nyingi ilishika kilichokuwa mbele. Mzee hakuwahi kukaa mbele.

Saa sita usiku niliipata picha moja. Ili nieleze ilivyopatikana, inanibidi nirudi nyuma hadi siku nilipoiangusha lenzi.

Ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya Komunyo ya Kwanza. Nilikuwa nikibadilisha kadi kwenye ngazi za sakristia, mkanda ukaniponyoka begani. Kamera ilipona, lakini lenzi iliyokuja nayo ilipiga saruji kwanza. Tangu hapo haikukaza tena picha, ilikuwa ikikoroma tu. Pesa ya kununua nyingine sikuwa nayo, na wazazi wa watoto walikuwa wameshalipia picha.

Baba Paroko alinisikiliza, akasema: “Frateri, hebu angalia kwenye kabati la ofisini. Kuna kamera ya yule Padre mmisionari.”

Ilikuwa ndani ya mfuko wake wa ngozi: Asahi Pentax Spotmatic, kamera ya filamu kutoka Japani iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Shata yake ilikuwa imekwama, na hata kama ingefanya kazi, mjini kwetu hakuna tena studio inayosafisha filamu. Lakini mbele yake palikuwa na lenzi nzito ya chuma na kioo, imeandikwa Super-Takumar, milimita 50, tundu la 1.4. Nilizungusha pete ya fokasi, ikateleza laini kana kwamba ilitiwa mafuta jana.

Komunyo ile niliipiga kwa kamera ya kuazima. Lakini swali lilinibakia: je, lenzi hii inaweza kuvaa kamera yangu ya kidijitali?

Inaweza, na sababu yake ni hesabu rahisi. Lenzi hii hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Uzi wake wa skrubu una kipenyo cha milimita 42, ndiyo maana huitwa M42, na ulitumiwa na viwanda vingi: Pentax ya Japani, Praktica ya Ujerumani Mashariki, Zenit ya Umoja wa Kisovieti. Lenzi za uzi huu zilitengenezwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Kamera yangu ni Canon EOS ya aina yenye kioo cha ndani, na kwake umbali huo ni milimita 44. Tofauti ni kama milimita moja na nusu, nayo huzibwa na pete nyembamba ya chuma iitwayo adapta. Ukiifunga, lenzi inakaa pale pale ilipotakiwa kukaa tangu kiwandani, na inaona vizuri kuanzia karibu hadi milima ya mbali.

Kwa kamera za Nikon za aina hiyo ya kioo cha ndani, hesabu inagoma. Umbali wake ni milimita 46.5, kwa hiyo lenzi ya M42 inakaa mbele mno na haioni vizuri vya mbali, isipokuwa adapta iwe na kioo cha kusahihisha. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani ndizo zenye nafasi kubwa zaidi: Sony E ni milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16. Hizo hupokea karibu lenzi yoyote ya zamani, ila adapta yake huwa ndefu kama bomba fupi, na mara nyingi lazima uiruhusu kamera, ndani ya menyu, kupiga bila kutambua lenzi.

Fundi mmoja wa kamera alinipatia adapta. Nikaifunga, nikawasha, na kamera ikaandika 00 mahali pa tundu la lenzi, maana yake haijui imevaa nini. Picha ya kwanza ilitoka ya manjano kama iliyopigwa kupitia chai ya rangi.

Hilo nalo lina sababu yake. Lenzi hii ina kioo kilichochanganywa na madini ya thoriamu, yanayosaidia kupinda mwanga vizuri. Thoriamu ina mnururisho kidogo, nao ukikaa miaka mingi hugeuza kioo kuwa cha manjano. Kupiga picha nayo si jambo la kuogopesha, ila lenzi ya namna hiyo isivunjwe, isichongwe, wala isigeuzwe kuwa kioo cha kukuzia cha kuweka jichoni. Dawa ya umanjano ni jua. Niliifunika upande mmoja kwa karatasi ya alumini, nikaiweka dirishani mahali pasipo na kitu cha kuungua, kwa sababu lenzi hukusanya jua na inaweza kuwasha pazia. Baada ya wiki tatu hivi kioo kilikuwa karibu cheupe.

Kisha ikaja kazi ya kujifunza upya. Pembeni mwa lenzi kuna kijiti chenye A na M. Kikiwa kwenye A, tundu linabaki wazi tu, likisubiri amri ya kamera ya zamani ambayo haipo. Lazima kiwe M. Unafungua tundu lote ili uone vizuri, unakaza fokasi kwa mkono, halafu unazungusha pete ya tundu hadi namba unayotaka, na picha kwenye tundu la kuangalizia inaingia giza. Mwanga kamera bado inaupima, kwa sababu inapima kile kinachoingia. Kilichobaki chote ni chako.

Nilikosa sana. Kwenye tundu la 1.4, ukiwa umbali wa mita moja, sehemu iliyo wazi ina unene wa sentimita mbili hivi. Kope zikiwa wazi, sikio limeshapotea. Mtu akipumua, ametoka. Tundu la kuangalizia la kamera za siku hizi halikutengenezwa kwa kazi hiyo, linakudanganya kwamba umepata kumbe bado. Nikajifunza kutumia kioo cha nyuma, kukuza picha mara kumi, na kukaza polepole. Kwa hiyo nilihitaji mtu wa kukaa kimya muda mrefu bila kuchoka nami. Vijana wa kwaya walinivumilia dakika mbili wakaondoka.

Mzee Katekista alivumilia.

Nilimfuata kigangoni jioni moja baada ya mafundisho. Tulikaa nje ya kanisa, yeye kwenye benchi, mimi mbele yake juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alipoiona lenzi akacheka.

“Hiyo ni ya Padre,” akasema. “Alikuwa akizungusha hivyo hivyo, sisi tumesimama juani. Watoto walikuwa wakimwiga, wanazungusha vidole machoni.”

Picha ya kwanza, ukuta nyuma yake ulikuwa wazi kuliko yeye. Ya pili, sikio. Ya tatu, ukosi wa shati.

“Frateri, bado tu?”

“Bado kidogo, Mzee. Samahani.”

“Mimi sina haraka. Waliobatizwa nimeshawafundisha.”

Nilifunga tundu hadi 2.8. Nilikaza kwenye jicho la kushoto, nikasubiri. Akataka kusema kitu, akasita, akanitazama. Nikabonyeza. Nilitazama nyuma ya kamera, nikaona mikunjo ya macho, nikafurahi. Lakini nisiwafiche, ndugu zangu: nilifurahia lenzi. Nilimwonyesha picha, nikamweleza habari za 1.4 na 2.8, akaitikia kwa heshima, tukaagana. Sikukumbuka hata kumuuliza alitaka kusema nini.

Usiku ule wa Januari nilikuwa nimemaliza folda zote za sikukuu. Zilibaki zile ambazo huwa sifungui. Mojawapo inaitwa “Majaribio”. Ndani yake kulikuwa na picha za chupa, za majani, za ukuta wa bweni, na hiyo moja. Faili lilikuwa na jina “Takumar 2.8 nzuri”. Jina la Mzee halikuwamo popote.

Ndiyo iliyochapishwa. Sikuweza kufika mazishini kwa sababu ya mitihani. Nilikwenda likizo ya Pasaka kumpa pole mama, mjane wake. Picha ilikuwa ukutani, imefungwa kwenye fremu. Aliniuliza niliipiga lini, nikamweleza habari ya benchi na ndoo. Akaitazama kidogo, kisha akasema: “Hapa anakusikiliza wewe.” Nikashindwa kumwambia kwamba mimi siku ile nilikuwa nasikiliza pete.

Sisemi kwamba lenzi za zamani ni bora kuliko mpya. Niliwahi kuipeleka Takumar kwenye misa ya nadhiri, na wakati sista anatia sahihi mezani mbele ya altare, mimi nilikuwa bado nakaza. Nilirudi na picha safi ya maikrofoni. Tukio la namna hiyo halirudiwi, nami niliwaomba msamaha masista. Tena, kwa kuwa sensa ya kamera yangu ni ndogo kuliko filamu, milimita 50 zinaona eneo dogo kama la lenzi ya milimita 80, na kwaya nzima haiingii. Siku za maandamano na shughuli za haraka natumia lenzi ya otomatiki, ambayo hatimaye tulinunua. Lakini kila sikukuu natenga nusu saa baada ya misa, navaa lenzi ya Padre, nawafuata wanaosimama pembeni: mama anayefua vitambaa vya altare, mlinzi, mzee wa jumuiya anayehesabu viti. Naomba ruhusa, nakaa nao, naongea kwanza. Folda zao nimeziandika majina yao.

Msomaji, huenda katika kabati la parokia yako kuna lenzi kama hii. Kabla ya kuitupa, iangalie. Mulika tochi kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, ipeleke kwa fundi na usiiweke pamoja na nyingine. Zungusha pete zote mbili, zisikwame. Itoe kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu, uiweke mahali pakavu penye mwanga, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Pima adapta inayofaa kamera yako kabla ya kulipa.

Halafu mtafute mtu mwenye subira akukalie, na akitaka kusema kitu, weka kamera chini kwanza.