Meli Ipo na Kesho

Meli ya asubuhi haimsubiri mtu. Ndiyo maana sisi wa gari za Chake na Mkoani, kisiwani Pemba, huamka kabla ya adhana, tukapakia abiria gizani pamoja na mabegi yao, mikungu ya ndizi na majogoo, na safari ikawa mbio tangu kituoni. Miaka mingi nilijisifu kuwa abiria wangu hajaachwa na meli hata mmoja.

Mgeni akisikia kisiwa hudhani ni tambarare. Pemba ni vilima na mabonde tangu Konde hadi Mkoani. Barabara inapanda, inakata kona, inateremka tena, mikarafuu huku na huku. Mabondeni ndiko kwenye mpunga, na asubuhi ya baridi baada ya mvua ndiko ukungu unakolala. Si ukungu mzito kama wa Lushoto unaokaa mpaka jua lipande. Wetu ni wa mapande: kilimani unaona vizuri, unateremka kidogo, mara umeingia ndani ya maziwa.

Asubuhi ile ya masika ya mwaka 2017 mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulichelewa kuondoka Chake. Abiria walifunga madirisha yote, na pumzi zao zikakitia mvuke kioo cha mbele kwa ndani. Nikawa nakifuta kwa kiganja huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Tairi za nyuma zilikuwa vipara. Nilijua. Nilikuwa nimeshamwambia fundi kuwa nitazibadilisha nikimaliza wiki ile.

Tulipopita Mtambile tukateremka bondeni, na ukungu ukatuzunguka. Nikafanya walifanyalo wengi: nikawasha taa za fulu. Kumbe ukungu ni vitone vya maji, na kila kitone kinaurudisha mwanga machoni mwako mwenyewe. Mbele pakawa ukuta mweupe. Sikupunguza. Nyuma watu wanasema, "Tutaachwa!"

Utingo wangu ndiye aliyeona kwanza. "Kaka, ng'ombe!"

Ilikuwa gari ya ng'ombe, haina taa, mwenyewe amejifunika turubai. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari haikusimama, iliserereka, ikapanda ukingo wa barabara, ikalala ubavu mtaroni. Nilisikia bati, kisha kimya, kisha maji ya mtaroni yakiingia ndani, na mtoto akilia. Kilio kile kilinipa nguvu. Nilijua yupo hai.

Watu wa jirani walitoka majumbani mwao na tochi, mvua inanyesha, hakuna aliyeuliza nani ana makosa. Walivunja kioo cha nyuma wakatutoa mmoja mmoja, tukapelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Mimi mguu ulivunjika, utingo mkono. Wengine walichubuka na kuteguka. Hakufa mtu. Mwenye ng'ombe hakuguswa, wala ng'ombe wake. Alhamdulillahi, na sijachoka kuisema.

Mguu ulipona kabla ya moyo. Miezi ile niliyokaa kitandani, mvua ikipiga bati la nyumba yangu nilikuwa natokwa na jasho. Nilipoweza kutembea na fimbo, nilikwenda kwa kila abiria niliyemjua nikaomba radhi. Wengine walinipokea kwa chai. Mmoja hakutaka kuniona, na nampa haki yake. Bi kizee mmoja, aliyekuwa akisafiri kwenda harusini kwa mjukuu wake Unguja, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, meli ipo na kesho."

Neno lile lilinirudisha kwa marehemu baba yangu. Alikuwa nahodha wa jahazi, kati ya Wete na Tanga. Akiamka akakuta upepo umegeuka, hata kama shehena imeshapakiwa na wenye mali wanapiga kelele, hukaa ufukweni akasuka kamba. Siku mbili, siku tatu. Hakuna aliyemwita mwoga. Sisi Wapemba bahari tunaiheshimu, na baada ya usiku ilipozama meli ya Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011, nani hapa atafundishwa tena? Lakini tukishakanyaga lami tunajiona tumesalimika. Mimi mtoto wa nahodha niliendesha gari bondeni kwa namna ambayo baba asingeendesha hata mtumbwi.

Nilianza kazi upya kama mwanafunzi. Dereva mmoja mzee alinikalisha kiti cha pembeni wiki nzima. Kwa mwendo wa 60, alinihesabia, gari inakula karibu mita 17 kila sekunde, na mguu hauifikii breki kabla ya sekunde hiyo kwisha. Lami ikilowa, masafa ya kusimama huweza kuwa maradufu. Mvua ya kwanza baada ya jua ndiyo mbaya zaidi, maana vumbi na mafuta vinaelea juu ya lami. Ukungu unataka taa za dimu, dirisha lifunguliwe kidogo ili kioo kisishike mvuke, na mwendo uwe wa kile unachokiona, si wa njia unayoikumbuka. Hilo la mwisho ndilo lililonipata mimi. Nilikuwa naendesha kwa kumbukumbu.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kilipotangazwa Kimbunga Hidaya na vyombo vya baharini vikazuiwa, gari yangu ilikaa nyumbani pia. Mwenye gari alikasirika. Nilimwambia pesa ya siku hiyo aikate kwangu.

Utingo wangu ni yuleyule. Mkono wake haunyooki sawasawa, na mvua ikikaribia humuuma kabla mawingu hayajatokeza. Tukiteremka bonde lile baada ya Mtambile husimama mlangoni, akatoa kichwa nje kwenye baridi, akatazama. Akigonga bati mara mbili napunguza. Simuulizi ameona nini.